Ajali Isiyo na Daftari: Wahudumu wa Majumbani wa Tanga na Kuanguka Kazini

Katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, ikitajwa ajali ya kuanguka, watu hufikiria mnazi. Kuanzia Pangani hadi Moa ni vigumu kupata kijiji kisichomjua mkwezi aliyeanguka akaumia mgongo, na hakuna anayeshangaa, kwa sababu hatari ya kazi hiyo inaonekana kwa macho hata na mtoto. Fundi akidondoka kwenye jukwaa la ujenzi Chumbageni, mjini Tanga, nalo linaeleweka: ameumia kazini, na tajiri wake ataulizwa. Lakini mwanamke aliyeteleza uani Makorora akiwa amemshika mzee aliyepooza, akavunjika mkono, hahesabiwi kuwa ameumia kazini. Ameanguka tu. Atapewa pole, ataambiwa ajali haina kinga, na kesho yake atatafutwa mwingine wa kumwogesha mzee.

Mimi nasema ajali hii kinga inayo, tena ya bei ndogo. Inajirudia kwa sababu nyumba ya mtu haichukuliwi kuwa mahali pa kazi, na anayehudumia mgonjwa humo haonekani kuwa na mwajiri. Asiye na mwajiri akianguka, hakuna daftari linalomsubiri.

Kuuguza watu majumbani si jambo geni Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa umejaza wodi, watu wa Tanga AIDS Working Group walianza kushirikiana na waganga wa jadi wa Pangani na kuwafuata wagonjwa makwao. Muheza, Hospitali Teule ilianzisha tiba shufaa miaka ya mwanzo ya 2000, na wauguzi wake wakawa wanaingia vijijini na dawa za maumivu kwa watu wasioweza tena kutoka kitandani. Leo UKIMWI una dawa za kuudhibiti, na aliye kitandani mara nyingi ni mzee wa kiharusi, kisukari au nyonga iliyovunjika. Utafiti mkubwa wa kiharusi uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha Hai. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Tanga una watu 2,615,597, na nchi nzima wenye miaka 60 na kuendelea wakiwa asilimia 5.7. Wazee hao, isipokuwa wachache sana, hawako kwenye makao ya serikali wala ya misheni. Wanazeekea vyumbani mwao, na kuna mtu anayewainua.

Mtu huyo ni nani? Anaweza kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule tunayemwita WAJA, anayepita nyumba kwa nyumba na begi lake. Anaweza kuwa dada wa kazi aliyeletwa kutoka Korogwe au Lushoto apike na kufua, akajikuta amekabidhiwa na bibi. Anaweza kuwa muuguzi mstaafu aliyekubaliana na familia kuja asubuhi na jioni. Na mara nyingi kuliko zote ni binti au mkwe, ambaye hata tukitunga sheria gani hatajiita mfanyakazi. Nitamwacha kando huyo wa mwisho, si kwa sababu haanguki, bali kwa sababu deni lake liko kwa familia yake. Hao watatu wa kwanza wana mtu mwingine wa kuwajibika kwao, na ndio nitakaowazungumzia.

Chukua asubuhi ya kawaida. Bibi amepata kiharusi, upande wa kulia haumtii. Dada anaingia. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Anamketisha kando ya kitanda, anampitishia mkono kwapani, na safari ya kwenda bafuni inaanza: chumbani, ukumbini, uani. Mtu mzima mwenye afya anaimaliza kabla hajamaliza sentensi. Lakini njiani mna kizingiti cha mlango wa chumba, mkeka uliotandikwa juu ya sementi iliyosuguliwa hadi ikang'aa, kizingiti cha pili cha kutokea uani, vidaraja viwili visivyolingana kimo, na mwisho sakafu ya bafu iliyoota ukungu wa kijani kwa kuwa haijakauka tangu masika yaanze. Dada hawezi kuangalia anapokanyaga, macho yako kwa bibi. Mkono mmoja umemshika bibi, wa pili umeshika beseni. Na ndala alizovaa zimelika kisigino mpaka soli imekuwa laini kama ganda la ndizi.

Mguu unaotua kwa kisigino kwenye sakafu yenye sabuni husogea mbele kabla uzito haujatulia juu yake. Mwenye mikono mitupu hurusha mikono akajiweka sawa, au hudaka ukuta. Mhudumu hana mikono ya kurusha. Akianguka, mkono utakaoachia kwanza ndio utakaotangulia chini, na uzito wa watu wawili utaushukia; ndiyo maana mfupa ulio juu kidogo tu ya kifundo cha mkono ndio huvunjika sana katika kuanguka kwa namna hii. Ikiwa mhudumu mwenyewe ni mama aliyekwisha koma hedhi, mifupa yake imeanza kupungua uimara bila yeye kujua.

Hapo sijataja maji ya udhu. Katika nyumba ya Mwislamu, na mwambao wetu umejaa nyumba hizo, mgonjwa mwenye akili timamu hutaka kuswali hata kama hawezi kusimama. Mara tano kwa siku birika linaletwa, maji yanamiminwa, na sehemu yake inabaki sakafuni. Ya alfajiri ndiyo mbaya zaidi: mhudumu ameamshwa usingizini, umeme pengine umekatika, mwanga ni wa simu iliyobanwa mdomoni. Dini yenyewe ina ruhusa zake, mgonjwa anaweza kutayamamu na kuswali ameketi au amelala, lakini si kila mzee atakubali kuambiwa hivyo na msichana wa miaka 19. Hili ni jambo la shehe au imamu wa msikiti wa karibu kulisema Ijumaa, na lingesaidia kuliko bango lolote la usalama kazini.

Kuna pia suala la viatu. Miongozo ya nchi za Ulaya na Marekani huanza hapo: mhudumu avae kiatu kilichofunikwa chenye soli isiyoteleza. Ushauri mzuri, ila aliyeuandika hajawahi kubisha hodi Ngamiani. Huku mtu huvua viatu mlangoni, na mhudumu atakayeingia na raba zake juu ya mkeka wa watu ataitwa hana adabu kabla hajafungua begi. Kwa hiyo WAJA huacha viatu vyake vizuri barazani na kufanya kazi peku, au hupewa ndala za nyumbani zilizo kubwa kuliko mguu wake. Jibu ni kuwa na jozi ya pili ya viatu vya ndani, safi, visivyotoka nje ya nyumba hiyo. Ni jibu dogo mno, lakini litapatikana tu kwa mtu anayejua mlango wa Mswahili unaingiwaje.

Na kuna kudaka. Wauguzi hufundishwa kwamba mgonjwa akianza kuanguka usimdake kwa nguvu. Msogelee, mtegemeze kwenye mwili wako, mwache ateremke taratibu kwenye paja lako hadi sakafuni. Dada wa kazi hajafundishwa hivyo, na hata angefundishwa, nani atamwelewa? Bibi akikutwa chini, swali la kwanza la watoto wake litakuwa, "Wewe ulikuwa wapi?" Basi dada anamdaka. Anageuka na mgongo wake, anaukunja mkono wake, anajifanya godoro. Ajali nyingi zinazosimuliwa kama kuanguka kwa mzee zina mtu mwingine chini yake ambaye hakutajwa kwenye masimulizi.

Ukipanda kutoka pwani, hatari inahama kutoka bafuni kwenda njiani. Mkoa huu ndio wenye Lushoto, Bumbuli na Mlalo, na ndio wenye Amani, Usambara Mashariki, kunakonyesha karibu mwaka mzima. Nyumba zimeshikilia mteremko, na kutoka moja hadi nyingine ni njia ya miguu ya udongo mwekundu ambao ukilowa hauna tofauti na sabuni. WAJA wa Usambara hutembelea kaya zake masika na vuli sawasawa, kwa kuwa watoto hawangoji kiangazi kuugua. Tambarare, kwenye mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe na kuelekea Mkinga, kuna baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli tangu enzi za babu zetu, na miradi mingi ya kuhudumia wagonjwa majumbani iliwapa wahudumu wake baiskeli, fulana na begi. Sijasikia mradi uliotoa breki za akiba. Mafuriko ya Oktoba 2019, yaliyoua watu na kukata barabara Handeni na Korogwe, yalionyesha njia hizi zinavyoweza kugeuka kwa usiku mmoja. Lakini mhudumu hateguki kifundo siku ya mafuriko, maana siku hiyo hatoki. Huteguka wiki moja baadaye, daraja la miti likiwa limelegea na mvua ikiwa imesahaulika.

Akishaumia, nini hufuata? Kama amevunjika atapelekwa kituo cha afya, kisha pengine hospitali ya mkoa ya Bombo. Kama ameteguka ataishia kwa fundi wa viungo mtaani, akandwe na mafuta ya moto. Kwenye kitabu cha mgonjwa itaandikwa kwamba ameanguka. Kwamba alianguka saa ngapi, akiwa amembeba nani, na kwa ujira wa nani, hayo hayana pa kuandikwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka kunaua watu wapatao 684,000 kwa mwaka duniani, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ndani ya takwimu hiyo mkwezi wa Kigombe na mhudumu wa Makorora wamechanganywa, na hesabu ya namna hiyo haiwezi kumwambia mtu yeyote wa Tanga afanye nini Jumatatu.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 iliipa OSHA, wakala wa serikali, kazi ya kusajili na kukagua mahali pa kazi. Mkaguzi anakwenda kiwanda cha saruji, bandarini, kwenye korona ya kuchakata mkonge. Haendi chumbani kwa bibi, na kusema kweli hakuna anayetaka mkaguzi wa serikali agonge mlango wa chumba cha mgonjwa. Kwa hiyo sioni kwamba ukaguzi ndio njia. Njia iko kwenye sheria ya pili, ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, iliyozaa Mfuko wa WCF ulioanza kukusanya michango Julai 2015. Mfuko huu hauulizi kama sakafu ilikaguliwa. Unauliza kama ajali imetokana na kazi. Ikiwa ni hivyo, unalipa matibabu, unalipa sehemu ya mshahara wakati mtu hawezi kufanya kazi, na anayebaki na ulemavu wa kudumu hulipwa kwa mkupuo au kwa pensheni ya kila mwezi, kutegemea ukubwa wa ulemavu. Una hata malipo kwa ajili ya mtu anayemhudumia aliyelemaa asiyejiweza. Tafakari hapo: sheria inaitambua kazi ya kumhudumia asiyejiweza, mradi asiyejiweza huyo aliumia kiwandani.

Watu huchanganya jambo hili na bima ya afya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itakapofika kila kaya, mhudumu aliyevunjika mkono atafungwa plasta bila kuuza kuku. Ni hatua kubwa. Lakini bima humlipa daktari. Wiki sita za mkono uliofungwa, ambazo dada hawezi kukamua hata tambara, bima haizijui, na hapo ndipo nauli ya kurudi Lushoto inapotolewa na kazi inakwisha.

Tatizo basi ni mwajiri. Mchango wa WCF hulipwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kiwango cha sekta binafsi kilianza kwa asilimia 1 ya mshahara, kikashushwa hadi 0.6 na kisha 0.5 mwaka 2022. Sheria inawagusa waajiri wote wa Tanzania Bara. Ukimlipa dada wa kazi Sh 150,000 kwa mwezi, asilimia 0.5 yake ni Sh 750, bei ya chapati mbili na chai ya rangi. Ni wangapi kati yetu tunaoilipa? Hatuilipi kwa sababu hatujioni kuwa waajiri. Dada anamwita mwenye nyumba mama, anamwita mgonjwa bibi, watoto wanamwita anti. Undugu huo si wa uongo, nimeona wasichana wakilia msibani kuliko wajukuu. Ila undugu huo huo ndio unaomziba mdomo anapoumia. Nani atamdai fidia mtu anayemwita mama? Na mama mwenyewe, akimpa Sh 20,000 ya dawa na khanga mpya, ataona amefanya wema, kumbe amelipa sehemu ndogo ya deni.

Kwa WAJA undugu haupo, kuna kujitolea, na hilo nalilaumu zaidi. Kwa miaka mingi wahudumu hawa waliitwa wa kujitolea: walipewa mafunzo, posho ya siku ya semina, na shukrani. Anayejitolea hana mkataba, na bila mkataba mratibu wa mradi anaweza kusema kwa moyo mweupe kabisa kwamba hamjui aliyeanguka Mlalo. Tarehe 31 Januari 2024 mambo yalianza kubadilika, Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, alipozindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga watu 137,294 kwa miaka mitano, Tanga ikiwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo. Sasa kuna mafunzo rasmi, kuna mgawanyo wa wahudumu kwa vitongoji na mitaa, kuna posho inayotarajiwa kuwa ya kudumu. Kilichobaki ni kumjua anayesimama kama mwajiri wakati wa ajali: halmashauri, wizara, au mfadhili wa mwaka huo.

Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, wamepita njia inayofanana. Septemba 2023 Rais William Ruto aliwakabidhi mabegi ya kazi wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii, na posho yao hugawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Mgawanyo huo una uzuri wake wakati wa kulipa, lakini mtu wa Kwale akivunjika mguu waajiri wawili wanaweza kutazamana. Tusilinakili hilo.

Nchi tajiri nazo hazikuanza na hekima. Marekani iliwaacha wahudumu wengi wa wazee majumbani nje ya sheria ya kima cha chini na malipo ya saa za ziada tangu 1974, kwa hoja kwamba wao ni watu wa kumpa mzee kampani. Kanuni ya kuwaingiza ilitolewa 2013 na kuanza kufanya kazi 2015. Watanzania na Wakenya wanaofanya kazi hiyo Massachusetts na Minnesota wanaijua barafu ya ngazini vizuri kuliko sisi tunavyoijua, na Chuo Kikuu cha Massachusetts Lowell kilikuwa na mradi mzima wa kuchunguza hatari za wahudumu kama hao. Huko mhudumu anayetumwa na kampuni akiteleza anajua pa kupiga simu. Binti wa pwani aliyekwenda Oman kuangalia wazee wa watu hajui, na ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani kutoka Tanzania ilieleza jinsi walivyobaki bila kinga ya sheria za kazi mikononi mwa mwenye nyumba.

Turudi kwenye sakafu, maana hapo mengi yanawezekana bila kibali cha mtu. Fundi anapomwaga sementi ya bafu akiipitishia ufagio mgumu kabla haijakauka, mistari hiyo inashika mguu kwa miaka. Anayelainisha kwa mwiko ili ing'ae anatengeneza ajali, na sisi wenye nyumba ndio tunaomwambia alainishe. Bomba la chuma lililochimbiwa ukutani kando ya choo linamwinua mzee kuliko mkono wa dada. Kiti cha plastiki chenye miguu mipana kinamaliza habari ya kuogeshwa mtu akiwa amesimama. Mkeka utolewe kwenye njia ya mgonjwa, hata kama ni wa ukili mzuri wa Pemba. Mlangoni pa bafu liwekwe zulia la katani lililopigiliwa, kwani ni aibu mkoa wa mkonge kuteleza kwa kukosa katani. Na khanga, chombo cha kila nyumba: ikikunjwa na kufungwa kibwebwe kiunoni mwa mgonjwa inampa mhudumu mahali imara pa kushika, badala ya kumvuta kwapani; ikitandikwa chini yake kitandani, watu wawili wanamgeuza bila kumwinua. Haya yangefundishwa nusu siku katika mafunzo ya WAJA, nao wangeyapeleka kwa dada wa kila nyumba wanayoingia.

Lililobaki ni la ofisini. Halmashauri yenye WAJA 500, kwa posho ya mfano ya Sh 150,000, ingechangia WCF Sh 375,000 kwa mwezi kwa ajili ya wote. Mbali ya fedha hizo, inahitaji safu moja kwenye taarifa ya mwezi ya kila mhudumu, inayouliza kama yeye mwenyewe ameanguka, wapi, na akiwa anafanya nini. Na juu ya fomu ya mchango, kwenye nafasi ya jina la mwajiri, mkurugenzi aandike la halmashauri yake.